Jicho la Mha na Picha za Ndoto

Yako maneno yanayorudiwa mara nyingi hata yakadhaniwa kuwa kweli. Mojawapo ni hili: ya kuwa sinema za kisurealisti, zile zinazounga picha kama ndoto inavyounga mambo, ni mchezo wa watu wa Paris walioshiba, na kuwa mkulima wa Kasulu au mrina asali wa Kibondo hana haja nazo, yeye atosheke na picha ya kumfundisha kuchemsha maji. Nimelisikia likisemwa na wasomi wenzangu kwa sauti ya huruma. Silikubali, na huruma yake nawarudishia wenyewe.

Neno hilo lina asili, wala si asili ya fahari. Mwaka 1926 Meja L. A. Notcutt, msimamizi wa mashamba ya mkonge katika Afrika ya Mashariki, alikuwa akitafuta njia za kuwafanya wafanya kazi waridhike na kutulia. Sinema ilikuwa moja ya njia alizozifikiri. Na katika mkonge walikuwamo Waha wengi, walioteremka kutoka Heru na Muhambwe, wakaandikwa kwa nambari, wakaitwa manamba. Kuanzia 1935 hata 1937 Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu huko Vugiri, milimani Usambara, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Filamu moja ilihusu akiba ya posta: mtu mmoja anafukia ujira wake, anaibiwa, mwenzake anauweka posta, unasalimika. Kwa nini ujira wenyewe ulikuwa haba? Swali hilo halikualikwa.

Mwaka 1939 Serikali ya Mwingereza ikaunda idara ya filamu za makoloni, na William Sellers akaweka kanuni: Mwafrika aonyeshwe mambo polepole, yafuatane kama shanga, pasiwe na hila za kamera. Ikasimuliwa ya kuwa watazamaji walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye kitambaa walijibu ya kuwa kwao hakuna mbu wa kimo kile. Wasimuliaji walicheka. Lakini mtu aletewaye mbu mkubwa kama ng'ombe, akaamriwa amwogope, naye akajibu hivyo, mimi namwita mhakiki.

Ajabu ni kuwa watu hao hawakuuliza Mha amelelewa kwa hadithi gani. Mtoto aliyekaa motoni jioni amekwisha kusikia mnyama akisema, mtu akigeuka kitu kingine, na safari ya siku saba ikimalizwa kwa sentensi moja. Huko ndiko kukata na kuunga picha, kabla ya kamera kufika.

Na hao wa Paris, je? Mwaka 1929 Luis Buñuel na Salvador Dalí walitoa Un Chien andalou. 1930 ikafuata L'Âge d'or. Tarehe 3 Desemba mwaka huo magenge ya siasa kali yaliirushia wino, na polisi wakaipiga marufuku. Mwaka 1931 Wasurealisti, André Breton miongoni mwao, walitoa waraka wa kuwasihi watu wasiende kutazama Maonyesho ya Makoloni mjini Paris. Siwafanyi mawalii: katika picha zao mwanamke aghalabu ni chombo, na Dalí baadaye alimsifu Franco. Lakini mchezo wa walioshiba hauwashtui polisi.

Ipo filamu moja ambayo natamani ifike Buha. Ni Las Hurdes, aliyoipiga Buñuel mwaka 1933 katika milima ya mafukara wa Hispania. Msimulizi anasema kwa sauti baridi ya mtaalamu. Mbuzi anaanguka jabalini. Ukitazama pembeni, waona moshi wa bunduki. Punda anauawa na nyuki. Mrina asali wa Kibondo hatalia kwanza. Atauliza ni nani aliyemweka punda karibu na mizinga. Swali hilo ndilo siasa ya filamu nzima: ufukara huu tunaoonyeshwa, nani ameupanga, na msimulizi anasimama wapi? Serikali ya Hispania iliifungia.

Simpingi daktari. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, picha ya kujikinga na kipindupindu yaweza kuokoa mtoto. Lakini mtu aliyekimbia usiku kutoka Kongo au Burundi, akawaacha nduguze njiani, ameona mambo yasiyofuatana kama shanga. Ukimwonyesha filamu za mstari ulionyoka peke yake, umemwambia ya kuwa aliyoyaona hayana umbo linaloweza kuonyeshwa.

Basi nawataka wenzangu jambo moja. Tuichukue Las Hurdes, tuisimulie kwa Kiha, tutundike kitambaa Kasulu siku ya gulio. Kisha tukae nyuma ya watu, tufunge vinywa, tuandike watakayoyasema.