Mguu si Nyundo

Ndugu msomaji, kama umewahi kupita Singe asubuhi za maandalizi ya sherehe, bila shaka ulisikia kabla hujaona. Kwanza ngoma kubwa, kisha filimbi, na juu ya vyote kishindo cha miguu ya watoto, na sauti ya mwalimu ikiwahimiza: "Piga mguu! Piga mguu nisikie!" Wapita njia husimama wakatabasamu, wakasema watoto hawa wana nidhamu. Mimi sitabasamu tena, kwa sababu kwa miaka sita sauti ile ilikuwa yangu.

Naandika kurasa hizi kuipinga sauti hiyo. Nasema wazi kwamba desturi ya kuwaamuru watoto wa bendi wapige mguu chini kwa nguvu zao zote, bila kuwafundisha kwanza jinsi mguu unavyokanyaga, wala kuwalegeza viungo, ni ujinga tuliouvika sare tukaupa cheo cha nidhamu.

Mwaka 2013 nilikuwa na binti wa darasa la sita, mpiga filimbi. Sikio lake lilikuwa zuri kuliko la wenzake wote, lakini alikanyaga kimya. Jambo hilo liliniudhi. Nikamtoa mstari wa mbele nikampeleka wa nyuma, na mbele ya wenzake nikamwambia ana miguu ya bibi harusi. Watoto wakacheka. Naye, kama ajuavyo kila mwalimu, mtoto aliyechekwa hufanya lolote ili asichekwe tena. Wiki ya tatu alikuwa anapiga mguu kuliko wavulana, nami nikamsifu na kumrudisha mbele.

Wiki ya tano mama yake akaja shuleni.

"Mwalimu, samahani, sikuja kugomba," alisema. "Nimekuja kuuliza. Mtoto asubuhi anatoka kitandani kwa kushika ukuta. Hapa mbele, kwenye muundi, hagusiki. Huko uwanjani mnafanya nini?"

Nikamjibu kama tujibuvyo walimu tusiojua: "Mama, ni mazoezi tu. Atazoea."

Hakuzoea. Zahanati walimwambia apumzike, na sherehe ikapita yeye akiwa nyumbani. Miguu ikapona, lakini kwenye bendi hakurudi. Nilijiambia kwamba hakuwa na moyo wa gwaride.

Miezi kadhaa baadaye nikakutana naye njiani akitoka bombani. Kichwani alikuwa na ndoo ya lita 20 juu ya ngata, mkono mmoja tu ukiigusa kwa mbali. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akapita. Nikageuka kumtazama miguu. Kisigino kilitangulia kugusa ardhi, taratibu, vidole vikiwa juu. Kisha unyayo ukalala kidogo kidogo kutoka nyuma kwenda mbele, uzito ukahamia kwenye vidole, navyo vikausukuma mwili kwenda hatua nyingine. Goti halikukakamaa. Kutoka kiunoni kwenda juu hakikutikisika kitu, na njia ile ina mawe na mashimo. Tone moja la maji halikumwagika.

Msomaji wangu, huo ndio mwendo wa bendi! Bendi za vyuo huko Marekani hutumia saa nyingi uwanjani kuwafundisha vijana wao mwendo wa namna hiyo hiyo: kisigino kwanza, unyayo ulale polepole, kiwiliwili kitulie. Binti yule alikuja kwangu akiwa nao tayari, ameupata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Mimi, mwalimu wake, nikamwaibisha mpaka akauacha.

Sababu ya kuutaka mwendo huo ni rahisi. Anayepuliza filimbi au tarumbeta anafanya kazi kwa midomo na pumzi. Mguu ukipigwa chini kama nyundo, mshindo haubaki mguuni. Hupanda kwenye muundi, goti, nyonga na uti wa mgongo mpaka kwenye taya. Chombo kinagonga mdomo, pumzi inakatika, na sauti inatoka ikitetemeka kama ya mtu aliye nyuma ya trekta. Halafu tunamlaumu mtoto kwamba hajui kupuliza. Bendi yetu ilikuwa inapiga vizuri ikisimama, ikianza kutembea inaharibika. Kwa miaka sita nilidhani tatizo ni filimbi.

Na mguu wenyewe je? Mguu mmoja wa binadamu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26, iliyofungwa kwa kano na kupangwa katika upinde. Upinde ule kazi yake ni kupokea uzito na kuupunguza makali. Mwendo wa haraka wa gwaride ni hatua zipatazo 120 kwa dakika. Piga hesabu: saa moja ni hatua 7,200, yaani kila mguu umepigwa chini mara 3,600. Sasa mfikirie mtoto wa miaka 12 mwenye raba zilizoisha soli au ndala, katika uwanja wetu wa kiangazi uliokauka ukawa kama sakafu ya saruji. Maumivu ya muundi yanayotokana na kupigapiga hivyo yanajulikana sana kwa wakimbiaji na kwa askari wanafunzi, na yakipuuzwa mfupa unaweza kupata ufa. Uvivu hauhusiki hapo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba askari wanapiga mguu na hawafi. Kweli. Lakini askari ni mtu mzima aliyepimwa afya, amevaa buti, na hupitia miezi ya mafunzo chini ya wakufunzi wa kazi hiyo. Sisi tunachukua kishindo cha askari tukakiweka kwenye mwili wa mtoto, tena kwa wiki tatu, kwa sababu mgeni rasmi anakuja. Tarehe 14 Oktoba 2023, kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilipofanyika hapa Babati katika uwanja wa Kwaraa, mji mzima uliona fahari ya gwaride, nami sikatai fahari hiyo. Ninachokataa ni kuigharimia kwa miundi ya watoto.

Nitaambiwa pia kwamba bila kishindo watoto hawatakwenda pamoja. Basi ngoma kubwa inabebwa ya nini? Kazi ya ngoma ni kutoa mapigo, na kazi ya mguu ni kuyafuata. Bendi inayohitaji kusikia miguu yake ili isipotee haijafundishwa kusikiliza ngoma yake.

Wengine watasema hiyo ndiyo asili ya gwaride, tumerithi. Tumerithi kutoka kwa nani? Gwaride la namna hii tuliletewa na Wajerumani na Waingereza. Lakini wazee wetu hawakulimeza bila kulitafuna. Beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikashindana mjini na vijijini. Watu wale waliyaona majeshi ya wageni, wakachukua ngoma, mistari na vyeo vyake, kisha wakavifanya ngoma ya kuchezwa. Wao walithubutu kuligeuza gwaride. Sisi tuliojitawala tangu 1961 tunaogopa hata kumwambia mtoto atangulize kisigino polepole.

Tena hapa Manyara tumezungukwa na walimu wa miguu. Mtazame kijana wa Kimaasai akiruka ngomani. Anapaa wima, anatua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, visigino havigusi ardhi, na mara yuko juu tena. Kifundo chake ni laini kama upinde uliopakwa mafuta. Hakuna aliyemwambia kwamba ukakamavu ni kukakamaa.

Lawama peke yake haimponyi mtu, kwa hiyo nieleze niliyojaribu katika mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha. Hayagharimu hata shilingi. Kabla ya ngoma kupigwa, watoto walitembea taratibu kwa dakika kumi: urefu wa uwanja kwa vidole, kurudi kwa visigino. Kisha walizungusha vifundo, mguu mmoja baada ya mwingine, na kupanda na kushuka kwa vidole mara 20. Baada ya hapo tulijifunza hatua moja tu, bila vyombo, mpaka kila mtoto auhisi unyayo wake ukilala kutoka kisigino hadi vidole. Kishindo kilikuwa kosa. Mazoezi yakiisha, miili ikiwa bado na joto, walisimama wakiegemeza mikono ukutani, mguu mmoja nyuma umenyooka, kisigino chini, mpaka shavu la mguu livutike bila kuuma, kwa muda wa kuhesabu polepole hadi 30, kisha wakabadilisha. Aliyeumwa muundi alikaa chini na filimbi yake akapiga akiwa amekaa. Sikumwita mvivu.

Na mtihani wetu? Kikombe cha plastiki chenye maji kichwani. Wasichana walifaulu siku ya kwanza, wakawafundisha wavulana, na wavulana wakalowa kweli kweli. Siku ya sherehe mzee mmoja alinifuata akaniuliza mbona mwaka huu bendi haina nguvu. Nikamuuliza kama alizisikia filimbi. Akafikiri, akasema, "Ndiyo, safari hii nilizisikia."

Basi, mwalimu mwenzangu unayesoma haya huku ukijiandaa kwa sherehe ijayo, nakuomba utupe lile neno, "piga mguu". Mguu si nyundo, na ardhi haijatukosea tuipige. Mwambie mtoto atembee kama mama yake atokaye bombani, kisha unyamaze uisikilize bendi yako.

Yule binti sasa ni mtu mzima, ana mtoto wake. Mwaka jana nilimfuata nyumbani nikamwomba radhi. Alicheka, akasema alishasahau. Nilipoondoka akanisindikiza mpaka njiani, mtoto mgongoni, akitembea kimya kama siku zote. Nami najua kwamba miguu ya bibi harusi haisahauliki upesi hivyo.