Mama Lishe Hahitaji Semina

Karibu kila warsha ya nishati safi ninayohudhuria chuoni huishia pale pale: jamii ielimishwe. Ielimishwe nini? Mama lishe wa Nangurukuru, anayewapikia wali na samaki abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara, anajua moshi unaumiza. Macho yanamwasha, kifua kinambana. Bango la nini tena?

Anachokosa ni pesa ya mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo. Ukiwa na hela kidogo asubuhi, jiko linawaka. Mtungi wa gesi haujazwi kwa kopo. Ndiyo maana mitungi inayogawiwa mikutanoni, kwa picha na makofi, huishia uvunguni gesi ya kwanza ikikata.

Na hapa ni Kilwa, jamani! Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2004, ikaendeshe mitambo ya umeme na viwanda. (Ya mtungi ni nyingine. Hiyo tunaiagiza ng'ambo, bei yake hatuipangi sisi.)

Mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Basi tuache kuhesabu mitungi iliyogawiwa, tuhesabu iliyojazwa mara ya pili. Dar es Salaam wameshaona mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu. Ruzuku iende huko, na mita zifike Nangurukuru kabla ya semina nyingine.