Jiwe la Gavana na Mzigo wa Mpagazi

Jiwe la kumbukumbu ni matini, kama ulivyo utenzi au tamthilia. Lina msimulizi, lina mhusika mkuu na lina kimya chake. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa fasihi huzoezwa kuhoji kimya cha riwaya, ilhali maandishi yaliyochongwa mjini huyapita kana kwamba ni pambo.

Mfano mwafaka ni Jenerali Edward Northey. Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliongoza majeshi ya Uingereza yaliyowakabili Wajerumani kutoka mpaka wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1919 akaja kuitawala Kenya, akawa gavana hadi 1922. Mwaka huohuo wa 1919 ulianza mpango wa kuwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, na Trans Nzoia, ambako mji wa Kitale ungechipuka, ikawa miongoni mwa sehemu zilizogawiwa. Mwezi Oktoba serikali yake ikatoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kuwafanyia kazi walowezi. Mashamba ya Kitale yalihitaji mikono. Bungoma ilikuwa jirani.

Atakayemchongea gavana huyu jiwe anaweza kuandika kwamba aliwatuza waliopigana. Sentensi hiyo si uongo, ila imepunguka. Risasi na chakula cha wapiganaji hao vilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi. Mpango wa mashamba haukuwahusu walionusurika. Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jijini Nairobi ipo sanamu ya mwaka 1928 inayowakumbuka askari na wapagazi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hata hivyo, haina jina la mpagazi hata mmoja. Kumbukumbu yao hai zaidi imo katika lugha: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililotamkwa Kiswahili. Wananchi waliihifadhi katika neno habari ambayo watawala hawakuichonga kikamilifu.

Wapo wanaoshauri kwamba majina na mawe ya wakoloni yang'olewe yote. Hoja yao ina uzito, lakini kung'oa pekee hakutoshi. Katika Bungoma, Broderick Falls ilirudishiwa jina la Webuye, na ilistahili. Lakini jina jipya halimwelezi kijana la zamani lilitoka wapi, wala nani alilileta. Makosa yakifutwa bila kuelezwa, hata waliodhulumiwa hufutika pamoja nayo.

Hivyo basi, panapostahili jiwe, mjini Kitale au Bungoma, liandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, nalo litaje mtenda. "Walipewa ardhi" ni kauli ya kutendwa inayoficha mengi: walipewa na nani, na ardhi hiyo ilitwaliwa kwa nani? Sarufi ya Kiswahili ina nafasi ya majibu hayo. Kazi ya kuyatafuta katika nyaraka na katika masimulizi ya wazee ni ya wasomi wa lugha hii, nayo haingoji. Mzee anapozikwa kabla ya kuhojiwa, jiwe la gavana hubaki likizungumza peke yake.