KODI YA SANDUKU LA POSTA

Enyi wanachama, mwaka 2022 nyumba zetu zilitiwa namba, tukaambiwa kuwa sasa kila mtu ana anwani yake. Ahsanta! Mbona basi barua haiji kupiga hodi? Yalala Posta mjini, na aitakaye alipe kodi ya sanduku mwaka hata mwaka, tundu la chuma lisiloenea hata kuku.

Kijana wa Micheweni akiomba kazi huulizwa S.L.P.; hana, huazima ya skuli. Jawabu lake hupita mikono mingapi?

Posta ni jambo la Muungano tangu 1964. Baraza letu la Wawakilishi halina kauli juu ya bei hiyo. Basi Wabunge wetu walioko Dodoma waulize: barua italetwa penye namba, au kodi itaondolewa?