Akiba Inayooza



Wahenga walituambia kwamba akiba haiozi. Walisema hayo kabla ya kompyuta. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya akiba inayooza kabatini bila kutoa harufu, na jinsi ya kujiandaa kwa siku utakayoihitaji.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tupo wanawake 22. Hisa, mikopo na marejesho ya kila mmoja niliviandika katika kompyuta ya nyumbani. Humo pia nilitunza picha za marehemu mama yangu. Jumatatu moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Nilipoiwasha kompyuta, skrini ilibaki nyeusi. Fundi aliifungua, akaniambia diski imekufa.

"Una nakala ya akiba, mama?" akaniuliza.

Nilimjibu kwa majivuno kwamba ninayo. Binti yangu alikuwa amepanga kila kitu kinakiliwe kila Ijumaa katika diski ya nje.

"Umewahi kuifungua ukaona kilichomo?"

Nikanyamaza. Binti alipokwenda chuoni, hakuna aliyeiangalia tena. Diski ile ilikuwa imejaa, na nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Picha za mama zilikuwamo, lakini miezi mitatu ya fedha za wenzangu haikuwamo. Mwanachama mmoja alisema amemaliza mkopo wake. Kumbukumbu zangu zilisema bado. Alileta kitabu chake, na sahihi ilikuwa yangu. Nilimwomba radhi mbele ya kikao kizima.

Jambo hili huwapata hata wakubwa. Mwaka 1998 studio ya Pixar, Marekani, ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2. Amri moja iliyotolewa kwa makosa ikafuta sehemu kubwa ya filamu. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazifai. Aliyewaokoa ni mama, Galyn Susman, ambaye alikuwa amejifungua na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifunga kwa mablanketi, wakaipeleka kazini kwa gari.

Sasa, dada yangu, kabla fundi hajaanza kurudisha vitu vyako katika diski mpya, hakikisha mambo haya:

1. Diski ya zamani usiitupe. Iweke pembeni mpaka kazi yote imalizike. Huenda kitu kikapatikana humo.

2. Diski mpya haina kitu ndani, hivyo kompyuta haiwezi kuwaka kwa kuitegemea. Unahitaji flashi ya uokoaji, inayoiamsha kompyuta ili iweze kusoma nakala yako. Kwa Windows, tumia flashi ya GB 16 au zaidi, isiyo na kitu unachokipenda, maana itafutwa yote. Itengeneze mapema, wakati kompyuta ingali nzima.

3. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Programu nyingine hukataa kabisa kurudisha nakala katika diski ndogo.

4. Andika maneno ya siri katika daftari. Kompyuta nyingi za Windows hufunga diski kwa ufunguo wa tarakimu 48. Ukiwa umehifadhiwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, ni kama kufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba.

5. Ikiwezekana, nakili nakala yako mahali pengine kabla ya kuanza. Kazi ya kurudisha hufuta diski inayopokea, na mtu akichagua diski isiyo yenyewe, akiba yote imekwenda. Kwa hiyo chomoa kila diski isiyohitajika.

6. Usianze siku ambayo umeme hauaminiki. Kazi hii huchukua saa nyingi, na kukatika katikati kunaweza kukurudisha mwanzo.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi na kumuaga papo hapo. Keti, fungua picha moja, barua moja na hesabu moja. Kisha tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo.

Sisi tulijaza miezi yetu mitatu kutoka vitabu vya wanachama, jioni nne mezani kwangu, kwa chai na uvumilivu wao. Siku hizi, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nachomeka diski ya nje na kufungua faili moja mbele ya katibu wetu. Haizidi dakika tano.

Nawe, mama, chomeka yako leo kabla ya kulala. Tuonane mwezi ujao.