Mwalimu wa kushikia: amana ya siku chache



 

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa msikiti wetu hapa Mbeya alinisubiri barazani hadi nilipomaliza kufunga ofisi ya kamati. Tulikuwa tumempangia kwenda kushika kipindi cha dini katika shule moja ya sekondari, kwa kuwa ustadhi aliyezoea kwenda huko amesafiri kumuuguza mzazi wake. Nilidhani amekuja kuulizia nauli. Kumbe alikuwa na swali jingine: "Katibu, wakinidharau nifanyeje?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Niliyomjibu ndiyo haya ninayoyaandika leo, kwa kuwa naamini hayamhusu yeye peke yake.

Wasomaji wa Mbeya na Iringa wanaijua hali yetu. Katika Nyanda za Juu Kusini Waislamu tumetawanyika na walimu wa dini ni wachache. Ustadhi mmoja huyo huyo ndiye imamu, ndiye mwalimu wa madrasa, ndiye mwenye kibanda chake Mwanjelwa au shamba lake Uyole, na ndiye anayetegemewa kwenda shuleni kipindi cha dini kinapofika. Akiugua, akifiwa au akisafiri, darasa hubaki. Hapo ndipo tunapomtafuta mtu wa kumshikia: kijana aliyemaliza kidato cha sita na anangoja majibu, binti aliyehitimu madrasa mwaka jana, wakati mwingine muadhini. Tunamwambia, "Nenda ukawashikilie watoto," naye huenda. Mara nyingi hatumwambii zaidi ya hapo.

Kushikia nafasi ya mwalimu mwingine ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Mwalimu mwenye darasa lake amejenga heshima yake kwa miezi na miaka. Anayemshikia huingia mikono mitupu, akapewa dakika arobaini na macho arobaini yanayomkagua.

Qur'ani imetusimulia habari za mtu aliyeshikia nafasi ya mwenzake, naye alikuwa Nabii. Nabii Musa (AS) alipokwenda kwenye miadi ya Mola wake, kwa masiku arobaini, hakuondoka kimya. Alimwachia ndugu yake Harun (AS) watu wake, akamwagiza ashike nafasi yake, atengeneze mambo, na asiifuate njia ya waharibifu. Agizo hilo limo katika Suratul A'raaf, nalo ni fupi kiasi cha kuweza kushikwa kichwani. Yaliyofuata tunayajua. Watu walitengeneza ndama wakamwabudu. Harun aliwakanya, nao, kama tunavyosoma katika Surat Twaaha, wakamjibu kwamba hawataacha mpaka Musa arejee kwao. Walimwona mnyonge, wakakaribia hata kumuua.

Ndugu msomaji, lisikilize vizuri jibu lile la Bani Israil. Ndilo analolisikia kila anayeshikia darasa: ngoja mwalimu wetu arudi. Ikiwa Nabii wa Allah alijaribiwa hivyo, kijana wetu asidhani kwamba kujaribiwa kwake ni dalili ya upungufu wake. Tena Harun hakuwavuruga watu aliokabidhiwa kwa sababu wamemdharau. Alichelea kuwatenga mafungu mafungu kabla mwenye nafasi hajarejea. Alishika ukumbusho, akasubiri. Naye Musa aliporudi na ghadhabu, alisikiliza maelezo ya ndugu yake, kisha akamwomba Allah awasamehe wote wawili.

Hofu ya kudharauliwa, isipotibiwa, humfanya mgeni wa darasa atafute fimbo. Mji wetu una kumbukumbu chungu juu ya hilo. Mwishoni mwa Septemba 2016, katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya, vijana wa vyuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha walimpiga mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, wao wengi na yeye mmoja, ndani ya ofisi ya walimu. Mapema Oktoba picha za video za tukio lile zilienea nchi nzima. Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kufukuzwa kwao vyuoni, na mkuu wa shule akavuliwa madaraka. Wale walikuwa walimu wa kupita, waliokuja kwa wiki chache tu na kuondoka. Ya moyoni anayajua Allah. Lakini sisi tulioona video ile tuna la kujifunza: hasira ya dakika chache ilitosha kuharibu safari ya miaka, na mtoto wa watu alibaki na maumivu.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia kijana wetu ni kwamba fimbo hana. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu cha adhabu. Mgeni aliyetumwa na msikiti hayumo humo kabisa. Na asiyekwenda shuleni, bali anashikia madrasa, asijione yuko nje ya sheria: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha kwa mtoto popote alipo. Kumpigisha mtoto magoti kwenye sakafu ya saruji katika baridi ya Juni ya huku kwetu si malezi.

Basi afanye nini?

Kwanza, awahi. Afike kabla ya watoto, asimame mlangoni, apokee salamu ya kila mmoja na kumwuliza jina. Mtoto aliyekutajia jina lake mlangoni, kisha akasikia ukimwita kwa jina hilo darasani, huona haya kukuvurugia.

Pili, aingie na kazi mkononi. Dakika tano za mwanzo zisipite bure, kwani darasa lisilopewa kazi hujitafutia. Aanze na wanalolijua. Madrasani, wasome kwa pamoja sura fupi waliyokwisha kuihifadhi. Sekondari, aandike ubaoni maswali mawili ya somo lililopita, wayajibu kwenye madaftari. Watoto wakianza kwa jambo wanaloliweza, hutulia, naye hupata nafasi ya kuwatazama na kujua nani ni nani.

Tatu, afuate utaratibu aliokuta. Asije na sheria mpya kwa darasa la wiki mbili. Watoto watamjaribu: "Ustadhi wetu huwa anatutoa mapema," au "Sisi huwa hatusomi tajwidi siku hii." Asibishane nao wala asiwaite waongo. Aseme kwa upole, "Nitamuuliza akirudi. Leo tumalize." Kisha aendelee.

Nne, kosa la mmoja libaki la mmoja. Mtoto akipiga soga, mwalimu asipaze sauti toka mbele. Amsogelee, asimame karibu naye huku anaendelea kufundisha, na mara nyingi hilo hutosha. Lisipotosha, amwite pembeni baada ya kipindi, amsikilize kabla ya kumsema. Asiliadhibu darasa zima ili kumpata mmoja, maana aliyeonewa humchukia mwalimu kuliko aliyekosa. Asitishie jambo asiloweza kulitimiza. Na jambo likiwa kubwa, kama ugonvi au matusi, alipeleke kwa mwalimu wa zamu. Kufanya hivyo si kushindwa kazi. Ni kujua mpaka wa amana aliyopewa.

Tano, aandike. Kila siku, kabla ya kuondoka, aandike wamefika wapi, nani amesaidia, nani hakuja, nani alikuwa na shida. Ataje mema kwanza. Mwenye darasa akirudi akamwambia mtoto, "Nimesikia ulisaidia kufuta ubao na kuwapanga wadogo," atakuwa amempandisha mtoto na amempandisha pia aliyemshikia.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mu'awiya bin al-Hakam (RA), akiwa bado mgeni wa dini, alizungumza ndani ya swala kumwombea rehema mtu aliyepiga chafya. Watu wakamkazia macho, wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Naye alinyamaza huku ameumia. Mtume (SAW) alipomaliza swala hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba swala haifai ndani yake maneno ya watu. Mu'awiya alishuhudia baadaye kwamba hakupata kumwona mwalimu bora kuliko yeye, si kabla wala baada. Tuangalie: kosa lilitajwa, hukumu ikafundishwa, na mkosaji hakuvunjiwa heshima mbele ya waliomkodolea macho. Hiyo ndiyo nidhamu ya darasa.

Nikifika hapa, uadilifu unanitaka nijiseme na mimi. Miaka zaidi ya kumi iliyopita, nikiwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa vitabu, niliombwa kushikia madrasa moja mjini Iringa kwa wiki mbili, maalim wake alipofiwa. Siku ya kwanza nilimwona mvulana mmoja akinong'ona mfululizo na mtoto mdogo aliyekaa naye. Nilimwonya mara mbili. Siku ya pili nilimsimamisha mlangoni kipindi kizima, baridi ikimpiga, wenzake wakimcheka. Siku ya tatu hakuja, wala yule mdogo hakuja. Nikajiambia darasa sasa limetulia.

Maalim aliporejea aliwauliza hao kabla ya kuniuliza habari nyingine. Yule mdogo ni ndugu yake, hasikii vizuri, na kwa ruhusa ya maalim kaka yake humrudia kila neno sikioni. Ndiko kunong'ona nilikokuadhibu. Tulikwenda pamoja nyumbani kwao, Kihesa. Mama yao alitukaribisha chai, akanisikiliza nikiomba radhi kwake na kwa mwanawe. Watoto walirudi darasani. Lakini kwa siku zilizobaki, kila nilipomwomba yule kaka asome, alisoma kwa sauti ya chini, akitazama mlango.

Nilikosa mimi, na silitupi kosa langu kwa mtu mwingine. Hata hivyo nimejifunza kwamba neno moja la makabidhiano lingemwokoa yule mtoto. Maalim yule alikuwa na msiba, hakuwa na nafasi ya kukumbuka. Aliyepaswa kukumbuka ni kamati iliyonituma, na leo mimi ndiye katibu wa kamati.

Kwa hiyo tumekubaliana katika msikiti wetu kwamba kila darasa liwe na daftari la makabidhiano, likae ofisini, na mwenye darasa alijaze wakati wa afya, kabla ya dharura. Ndani yake yaandikwe majina ya watoto, walipofika katika masomo, viongozi wa darasa ni nani, na mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua kwa kutazama: nani hasikii, nani haoni ubao, nani ana kifafa, nani ni yatima wa juzi, nani anachukuliwa na nani jioni. Mambo ya siri za nyumbani yasiandikwe. Ni ukurasa mmoja au mawili tu, tena hauna gharama zaidi ya daftari lenyewe. Nazishauri kamati nyingine, za Mbeya, Iringa na wilaya zake, zijaribu hivyo.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Tumezoea kumwambia mtoto, "Kama mwalimu wenu hayupo, baki nyumbani unisaidie." Au tunasema mbele yake, "Yule naye ni mwalimu? Si mtoto wa fulani tu!" Mtoto hulibeba neno hilo hadi darasani, na kijana wa watu hulipokea usoni. Mwambie mwanao kwamba anayeshikia nafasi ya mwalimu ana haki ya salamu na usikivu ule ule. Lakini pia mtoto akija na malalamiko, msikilize mpaka mwisho, kisha nenda ukaulize kwa adabu. Kumheshimu mwalimu hakumnyang'anyi mtoto haki ya kusikilizwa.

Kijana wetu anakwenda Alhamisi hii, inshaallah. Jana tulimpigia simu ustadhi aliyeko safarini, akatutajia wanafunzi wake mmoja mmoja kama anayesoma orodha, nasi tukaandika. Amebainisha hata binti mmoja anayekaa kiti cha mbele kwa sababu ya macho, asihamishwe. Ukurasa umejaa. Kijana ameukunja na kuutia mfukoni, na swali lake nimemjibu hivi: watakujaribu, na huenda wakakudharau siku ya kwanza. Wape salamu, wape kazi, waite kwa majina yao, na siku ya kumrudishia mwenyewe darasa lake, mrudishie likiwa zima.

Tunamwomba Allah (SW) awajalie subira na upole wote wanaosimama mbele ya watoto wetu, wa kudumu na wa kushikia, na atusamehe sisi tuliowahi kukosea.

Wabillahi tawfiq.