Kichwa cha Mcheza Ngoma na Kifungwe

Katika shule yetu pamezuka maneno juu ya vichwa vya wasichana wa kikundi cha ngoma, nami naomba nafasi katika gazeti letu niseme ninavyoona. Muhula ujao, Siku ya Wazazi, tutacheza bugobogobo mbele ya wageni. Baadhi ya wenzetu wanataka kila msichana atoe shilingi 15,000 yanunuliwe mawigi yenye fundo kubwa kisogoni, kwa maana wakati wa likizo wameona katika simu wacheza dansi wenye nywele zilizobanwa hivyo, wakapendezwa. Asiyetoa fedha atapangwa mstari wa nyuma. Mimi nacheza katika kikundi hiki tangu kidato cha pili, na sasa nipo kidato cha nne. Jambo hili nalipinga.

Lile fundo lenyewe silidharau. Wacheza bale wa Ulaya hukusanya nywele zote nyuma, wakazifunga kwa mpira, wakazisokota na kuziviringisha kama chapati ya kusukuma, kisha wakazishikiza kwa pini nyingi na kuzifunika wavu mwembamba. Hawafanyi hivyo kwa urembo tu. Mchezaji wa bale anapozunguka, macho yake hubaki yametazama mahali pamoja mpaka shingo ishindwe, ndipo kichwa hugeuka upesi kuliko mwili na kurudi pale pale, ili asishikwe na kizunguzungu. Nywele zilizo wazi zingempiga machoni kila mzunguko. Tena mwalimu anataka kuiona shingo na mabega, ajue kama mwanafunzi amesimama sawasawa. Basi fundo ni chombo cha kazi, kama vile njuga miguuni petu.

Lakini fundo hutaka nywele, na sisi nywele hatuna. Sheria ya shule yetu ni nywele fupi kwa wote. (Sheria hiyo ina wapinzani wake, na hoja zao nyingine si mbaya, lakini hilo ni shauri la siku nyingine.) Pini hushika nywele, haishiki ngozi. Wigi likiwekwa juu ya kichwa kilichonyolewa hushikwa na mpira wake tu, na mpira ukishalowa jasho huteleza.

Muhula uliopita tuliliona hili kwa macho yetu. Mwenzetu mmoja aliazima wigi la dada yake akaja nalo mazoezini. Wasomaji wanajua bugobogobo ni ngoma ya jembe: ilitoka shambani, ambako ngoma iliwapa wakulima mwendo wa kulima pamoja, na mchezaji hulirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka bila kuvunja mwendo. Jembe lilikuwa hewani wigi lilipomshukia machoni. Mkono wake ukaenda kwenye wigi. Jembe likaanguka shubiri moja tu kutoka mguu wa msichana aliyekuwa nyuma yake. Wengi walicheka. Mimi niliokota lile jembe, na sikuona la kucheka, kwa kuwa ni jembe la chuma lililotoka katika bustani ya shule.

Huko Geita, ambako baba yangu mdogo anafanya kazi kwenye karasha, nimewaona akina mama wanaochekecha mawe yaliyosagwa. Hakuna hata mmoja anayesogea karibu na mkanda wa mashine na ncha ya kilemba ikining'inia. Wanavuta kitambaa, wanakaza, wanachomeka ncha ndani, halafu wanatikisa kichwa mara mbili kabla ya kuanza kazi. Hawakufundishwa na mtu wa bale. Kinachozunguka hakiulizi kama unapendeza.

Wengine wananiambia wageni wanapenda kuona mapambo. Ni kweli, wala si jambo jipya. Vyama vya Bagika na Bagalu, ambavyo Wasukuma wamecheza navyo tangu zama za waanzilishi wao, Ngika na Gumha, vilishindana kwa kuvuta watu: penye watazamaji wengi ndipo penye ushindi, basi kila upande ulitafuta cha kushangaza macho. Hata leo, anayekwenda Bujora karibu na Kisesa wakati wa sikukuu ya Bulabo, ambayo mara nyingi huwa mwezi wa Juni, ataona mapambo ya kila namna. Pambo si dhambi. Nasema tu pambo la kichwani lifungwe lisianguke.

Wapo pia wanaolikataa fundo kwa sababu ni la Ulaya, nao humtaja Mwalimu Nyerere, ambaye mwezi wa Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba waliosoma walijua dansi za kizungu kuliko ngoma za kwao. Maneno yale nayaheshimu, ila hoja yangu siyo hiyo. Hata wigi lingekuwa limeshonwa Maswa ningelikataa.

Kinachoniuma zaidi ni zile shilingi 15,000. Bwenini kwetu yupo ambaye baba yake ana duara linalotoa dhahabu, na yupo ambaye mama yake anangoja pamba inunuliwe ndipo amletee sabuni. Tukiwa tumenyoa sote, mgeni hawezi kuwatofautisha wawili hao. Tukileta mawigi, atawajua hata kabla ngoma haijapigwa, kwa maana mmoja atakuwa mbele na mwingine nyuma. Na yule wa nyuma, nisipotaja jina lake, ndiye anayedaka jembe kutuzidi sote.

Basi nashauri hivi. Tununue kanga za pamba, si vitambaa vya nailoni ambavyo huteleza juu ya nywele fupi. Kanga moja ina urefu wa kama sentimeta 150 na upana wa 110. Hutoa vitambaa viwili vya mraba vya sentimeta 75, na kipande kinachobaki hukatwa kanda mbili ndefu. Doti moja, yaani, yatosha wasichana wanne, na sisi tupo 16: doti nne. Jina la kanga litakatika, na labda ni heri, maana kanga nyingine zina maneno yasiyofaa Siku ya Wazazi. Kitambaa kikunjwe pembetatu, ukingo mrefu ukae juu kidogo ya nyusi, ncha zifungwe kisogoni mara mbili juu ya ile pembe, kisha pembe ipandishwe na kuchomekwa. Ukanda uzungushwe mara mbili juu yake na kukazwa. Kilowanishwe kidogo kabla ya kufunga, kwa kuwa pamba mbichi hushika. Wenzetu wa Kiislamu wataufunga ukanda huo huo juu ya ushungi wao, nao ncha za ushungi wazichomeke ndani ya vazi.

Wale watakaomaliza mtihani Novemba na kwenda kujifunza sanaa TaSUBa, Bagamoyo, watafuga nywele wakitaka, wasuke twende kilioni, wakusanye ncha kisogoni na kufunga fundo la nywele zao wenyewe. Nami nitawapigia makofi.

Namwomba Mkuu wa Shule aamue kabla michango haijaanza kukusanywa. Kitambaa kimoja cha mfano nimekwisha kukikata kutoka kanga yangu kuukuu, kipo bwenini. Msichana yeyote anayetaka kukijaribu na aje baada ya chakula cha jioni, ila si Jumatano, siku hiyo nina zamu ya kuosha vyombo.